Safu ya Ushauri: Kila mgonjwa wa wodi yetu anapumua mara 20

Swali

Mshauri wetu,

Salamu kutoka Kasese. Mimi ni muuguzi wa cheti katika kituo cha afya cha ngazi ya nne. Muda mwingi niko wodi ya watoto, na wodi ya wazazi ikipungukiwa na watu napelekwa huko. Wagonjwa wetu wengi wanavuka kutoka Kongo kupitia Mpondwe, kwa hiyo kazi yote naifanya kwa Kiswahili, tangu kuuliza historia hadi kueleza dawa.

Kinachonisumbua ni safu moja ya chati. Joto tunapima, presha tunapima, mapigo tunasoma kwenye oksimita ya kidole. Ila safu ya pumzi, ukifunua chati za wiki nzima, ni 20, 20, 18, 20, 20. Mtoto wa miezi mitano ana 20. Mama aliyejifungua jana ana 20. Nilipouliza nikaambiwa kuhesabu pumzi ni kazi ya zamani, siku hizi oksimita inatoa oksijeni moja kwa moja.

Hivi karibuni alikuja mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kipimo cha malaria chanya, oksimita 98. Nilimhesabu nikapata 52. Mwenzangu akapata 44, wa tatu akapata 60. Tukabaki tunabishana nani yuko sahihi, na kama hiyo 98 inatosha kumwacha asubiri kwenye benchi.

Naomba unieleze: pumzi inahesabiwaje mpaka watu watatu wapate jibu moja? Inawezekanaje oksijeni iwe nzuri na pumzi ziwe juu? Na huko wodi ya wazazi, kwa nini chati ya magnesiamu, dawa ya kifafa cha mimba, inadai pumzi 16 kabla ya dozi? Halafu watu wazima wananishinda: wakijua nawatazama kifua, wanabadilisha kupumua.

Sista wa zamu ya usiku

Jibu

Sista,

Hizo nambari zenu tatu zimejitaja zenyewe. 52, 44 na 60 zote zinagawanyika kwa nne. Kila mmoja wenu alihesabu sekunde 15 akazidisha kwa nne: wewe uliona pumzi 13, mwenzako 11, wa tatu 15. Tofauti ya pumzi mbili huku na mbili kule ni jambo dogo kwa mtoto anayegeukageuka mapajani mwa mama, lakini kuzidisha kumeligeuza kuwa pengo la pumzi 16. Anayehesabu sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili naye hujulikana, maana chati yake haina nambari witiri hata moja.

Hesabu dakika nzima. Sababu ya kwanza ni hiyo ya kuzidisha makosa. Ya pili ni kwamba mtoto hapumui kama saa ya ukutani: hukimbia kidogo, hupunguza, huvuta moja ndefu, huanza tena. Mtoto mchanga hata husimamisha pumzi kabisa sekunde tano mpaka kumi, halafu hufululiza pumzi za haraka haraka, na hiyo ni kawaida yake. Sekunde zako 15 zikiangukia kwenye mfululizo utamwita mgonjwa, zikiangukia kwenye kusimama utamwita mzima. Ndiyo maana kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ukipata 60 au zaidi, unahesabu dakika ya pili kabla ya kuamua. Akisimama sekunde 20 au zaidi, au hata chini ya hapo huku akigeuka bluu, hiyo si kawaida tena: mguse, mchochee, na asipovuta chukua ambu, ule mfuko wa kumpumulishia mgonjwa.

Kama mna zile saa ndogo za kuhesabia pumzi wanazopewa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijijini, angalieni aina yenu inaliaje. Zipo zinazolia mara mbili, sekunde ya 30 na sekunde ya 60. Mtu akisimamia mlio wa kwanza, mtoto wa pumzi 56 anaandikwa 28 na anarudishwa nyumbani na panado. Simu yako nayo inatosha: iweke ilie mara moja tu dakika ikiisha, iweke chini, usiitazame tena. Anayepeleka macho kwenye saa na kuyarudisha kifuani hupoteza pumzi mbili tatu kila safari.

Kupanda na kushuka kwa kifua ni pumzi moja. Linaonekana jambo la kitoto kulisema, lakini wapo wanaohesabu kupanda "moja" na kushuka "mbili", wakishangaa kwa nini watoto wote wa kijiji wana nimonia. Shika kupanda tu. Kupanda kwa kwanza baada ya kuanzisha saa ndiko moja.

Sasa mtoto mwenyewe. Kanuni ni kwamba anahesabiwa kabla hajaguswa na mtu yeyote aliyevaa sare. Mama ameshuka mlimani na mtoto mgongoni, au wametoka kwenye boda boda wote wawili wakiwa na vumbi: wakae kwanza. Amfungue kutoka kwenye kitenge, ampakate, yeye mwenyewe apandishe fulana mpaka chuchu za mtoto zionekane. Usipandishe wewe. Simama kando au uchutame mpaka jicho lako lilingane na kifua, kwa sababu ukitazama kutoka juu harakati hupotea. Usiku, taa iangaze kutoka ubavuni, ule uvuli unaopanda na kushuka ndio utakaouhesabu. Jicho likae pale mbavu za mwisho zinapokutana na tumbo: mtoto mdogo hupumua zaidi kwa kiwambo, ule msuli mpana uliolala kati ya kifua na tumbo, kwa hiyo tumbo hupanda wazi kuliko kifua. Akilala usimwamshe, hesabu ya usingizini ni nzuri. Akinyonya, subiri aachie. Akilia usihesabu kabisa, hata foleni ikifika getini.

Kisha ndipo kije kipimajoto, stethoskopu, na mwisho kabisa sindano ya kutoboa kidole cha malaria. Vituo vingi hutoboa kidole mezani pa kwanza ili kuokoa muda, halafu pumzi zinahesabiwa mezani pa pili. Hapo mnahesabu kilio. Mkifanikiwa kubadilisha kitu kimoja tu katika wodi yenu, badilisheni huo mpangilio.

Mtu mzima ana shida nyingine. Kati ya ishara zote za uhai, kupumua peke yake ndiko anakoweza kuamuru kwa hiari. Hawezi kuamuru presha yake wala joto lake, lakini ukimwambia "nakuhesabu pumzi" ataanza kuvuta polepole na kwa adabu kama mtu anayepigwa picha. Mwambie unampima vipimo vyote, basi. Shika kifundo cha mkono wake kama unayetafuta mapigo, laza mkono huo juu ya kifua chake, hesabu mapigo, halafu bila kuuachia hamia kwenye pumzi dakika nzima. Hata akiwa amevaa gomesi au koti zito, ule mkono utapanda na kushuka. Akitoka kutembea, apumzike dakika kumi. Akiongea, subiri anyamaze, lakini sikiliza: anayekata maneno matatu, anavuta hewa, anasema mengine matatu, ameshakupa jibu kabla hujahesabu.

Mipaka unaijua kutoka mafunzoni, naiandika kwa ajili ya wenzako. Pumzi ni za haraka kwa mtoto wa chini ya miezi 2 zikifika 60. Kuanzia miezi 2 mpaka hajatimiza 12, zikifika 50. Kuanzia miezi 12 mpaka hajatimiza miaka 5, zikifika 40. Mtoto wa shule ya msingi hukaa karibu 18 hadi 25. Mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20. Katika mfumo wa alama wa NEWS2 unaotumika Uingereza, mtu mzima akifika 25 anapewa alama tatu, za juu kabisa kwa kipimo kimoja, na akishuka mpaka 8 anapewa hizo hizo tatu. Mjamzito usimtengee kipimo chake. Mimba huongeza ukubwa wa kila pumzi, idadi haibadiliki sana, kwa hiyo mama mwenye 26 hana "pumzi za mimba". Mtafutie sababu.

Ukirudi kwa mtoto wenu: ana miezi 18, mpaka wake ni 40. Awe 44, 52 au 60, wote watatu mlikuwa mnasema jambo moja. Na yule wa miezi mitano aliyeandikwa 20, kama kweli angekuwa na 20, mngekuwa mmeshika ambu. Mtoto wa umri huo hupumua kati ya 30 na 50 hivi.

Sasa hilo la 98. Oksimita haikudanganya, ila iliulizwa swali lingine. Inapima ni sehemu gani ya himoglobini ya kwenye mishipa imebeba oksijeni. Haipimi himoglobini ni nyingi kiasi gani, haipimi kaboni dioksaidi, haipimi asidi ya damu, wala haijui mgonjwa anatoa jasho kiasi gani kuifikisha hiyo 98.

Chukua boda boda kwenye stendi. Zikiwa mia na 98 zina abiria, ni asilimia 98. Zikibaki 25 na zote zina abiria, ni asilimia 100, lakini mjini wamefika watu 25 tu. Mtoto wa malaria aliyeshuka himoglobini hadi gramu 4 ana boda chache zilizojaa. Oksimita inasifu, mwili una njaa ya hewa, pumzi zinakimbia.

Malaria kali ina njia ya pili. Chembe nyekundu zenye vimelea hung'ang'ania kuta za mishipa midogo, damu haipiti vizuri, na tishu zinazokosa oksijeni hutengeneza asidi. Kinachoamuru kupumua kwa sehemu kubwa ni kaboni dioksaidi na asidi inayotokana nayo, vinavyopimwa muda wote kwenye shina la ubongo. Upungufu wa oksijeni wenyewe hupiga kelele baadaye sana. Asidi ikipanda, ubongo unaamuru mapafu yatoe kaboni dioksaidi zaidi ili kuipunguza. Mapafu yenyewe ni mazima, kwa hiyo oksijeni inaingia vizuri na 98 inabaki 98. Pumzi hizi zina sura yake: ni ndefu, zinashuka mpaka chini, hazina mluzi, na ukiweka stethoskopu unasikia hewa safi pande zote. Mgonjwa wa kisukari ambaye asidi ziitwazo ketoni zimempanda hupumua hivyo hivyo.

Kwa hiyo mtoto kama huyo hakai kwenye benchi. Tazama viganja vyake na ndani ya kope kama vimepauka, pima himoglobini na sukari, uliza kama anakunywa, kama ametapika kila kitu, kama ameshikwa na degedege, mwangalie kama anakutambua. Pumzi ndefu za namna hiyo, au kulegea, au weupe mkali wa viganja, ni malaria kali: artesuneti ya sindano ianze na suala la damu lizungumzwe mara moja. Kama ana kikohozi na hana dalili yoyote ya hatari, pumzi zake za haraka ni nimonia mpaka ithibitishwe vingine, hata kama malaria ni chanya. Magonjwa haya mawili hukaa ndani ya mtoto mmoja bila kugombana, na kipimo cha malaria kikisoma chanya hakifuti nimonia. Anatibiwa yote mawili. Kosa hili ni la kila siku, na linaua kimya kimya kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa sahihi.

Kuhusu kifaa chenyewe, kina nambari mbili. SpO2 ni oksijeni, PR ni mapigo ya moyo. Yupo anayeinakili PR kwenye safu ya pumzi. Kidole baridi, rangi ya kucha, hina nyeusi na mtoto anayerusha mkono vyote huvuruga usomaji, na ngozi nyeusi yenyewe huweza kukifanya kisome juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo 91 au 92 kwa wagonjwa wetu isikulaze usingizi. Chini ya 90 ni oksijeni bila mjadala. Na familia iliyolala na sigiri ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wa makaa una kaboni monoksaidi, nayo hukaa kwenye himoglobini mahali pa oksijeni, na oksimita ya kawaida haitofautishi abiria hawa wawili. Itasoma 99 kwa mtu anayekufa. Huyo apewe oksijeni kwa historia yake, si kwa nambari.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu tupu hailisemi, nalo ni ukubwa wa pumzi. Mtu mzima huvuta karibu mililita 500 kwa pumzi. Kati ya hizo, karibu 150 huishia kwenye koo na mirija, mahali ambapo hewa haibadilishani na damu. Zinazofika kwenye vifuko vya mapafu ni 350. Akipumua mara 20, anaingiza lita 10 kwa dakika na lita 7 ndizo zinafanya kazi. Mwingine anapumua mara 40 lakini pumzi fupi za mililita 250: naye anaingiza lita 10 zile zile, ila kila pumzi inapoteza 150 njiani, zinafika 100, jumla lita 4. Amechoka mara mbili kwa faida ya karibu nusu. Ndiyo sababu kando ya nambari unaandika pia "ndefu" au "fupi".

Baada ya dakika ya kuhesabu, usiondoe macho. Baki na kifua. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Mwenye nimonia kali akivuta, tumbo linatoka lakini sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu za mwisho, inazama ndani kama mtu ameibonyeza kwa kiganja. Lazima uione kila pumzi, mtoto ametulia, hanyonyi wala halii. Ikionekana anapolia tu, haihesabiwi. Kama huna uhakika, mwambie mama amlaze mtoto chali mapajani mwake, kwani aliyekunjwa kiunoni hufichwa mbavu na tumbo. VHT akiliona hili kijijini, anatoa rufaa, hakai kufikiri.

Pua zinazotanuka kila anapovuta, kichwa kinachotikisika kufuata pumzi, kuguna kifupi kila anapotoa: hizo ni nguvu za akiba zinazotumika. Sauti usizichanganye. Mluzi unaotoka wakati wa kutoa hewa uko chini kwenye mirija midogo, kama pumu. Sauti kali ya kukwaruza wakati wa kuvuta iko juu kooni, na kwa mtoto aliyetulia ni hatari. Usimchungulie koo kwa kijiko. Na mgonjwa wa pumu ambaye mluzi umenyamaza huku bado anahangaika hajapona, hewa imekosa hata ya kupigia mluzi.

Hapo ndipo nambari inaweza kukugeuka. Mtoto aliyekuwa 68 saa mbili usiku, kifua kinazama, saa sita ni 30. Chati inaonekana nzuri. Mtazame uso. Kama anakunywa, anakutazama, kifua kimeacha kuzama, amepata nafuu. Kama amelegea, hamjali mama, na pumzi ni za hapa na pale, misuli imechoka, na dakika zinazofuata ni za ambu. Kutweta kwa mbali mbali mdomo wazi, kama samaki aliyetolewa Ziwa George, usikuandike pumzi 6. Huyo hapumui.

Twende wodi ya wazazi, maana huko 20 ya kubuni ina bei yake. Magnesiamu salfeti huzuia degedege la kifafa cha mimba, lakini pia hudhoofisha amri inayotoka kwenye neva kwenda kwenye misuli. Ikizidi, hupoteza vitu kwa mpangilio: kwanza goti haliruki ukiligonga, kisha misuli ya kupumua inalegea, mwisho moyo. Inatolewa na figo, na mwenye kifafa cha mimba mara nyingi figo zake ndizo zimebanwa, kwa hiyo dozi ile ile iliyomfaa mama wa jana inaweza kurundikana kwa mama wa leo. Ndiyo maana kabla ya kila dozi ya kuendelezea kuna maswali matatu na yote lazima yajibiwe ndiyo. Pumzi ni 16 au zaidi? Goti linaruka? Mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita?

Unauliza kwa nini 16 wakati mtu mzima wa 12 ni mzima. Kwa sababu mama mwenye 14 huenda amelala tu, na huenda dawa imeanza kumlaza. Kutoka nje huwezi kutofautisha, na dozi ikishaingia kwenye tako haitoki. Hiyo 16 ni nafasi uliyoachiwa ya kukosea. Ukipata 14, usichome: gonga goti, pima mkojo, mwite daktari, hesabu tena baada ya muda mfupi. Akiacha kupumua, mpumulishe kwa ambu na apewe kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za myeyusho wa asilimia 10, polepole kwenye mshipa. Ampuli hiyo ikae kwenye trei moja na magnesiamu. Ikiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kulala, haipo.

Mofini, dawa kali ya maumivu, nayo inataka jicho hilo hilo. Uganda wauguzi wenye mafunzo ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya ugonjwa mzito, wanaruhusiwa kisheria kuiandika, na ile ya maji ya kunywa inasaidia sana, hata kupunguza ile hali ya kukosa hewa kwa mgonjwa wa saratani. Ikizidi, hupunguza idadi ya pumzi. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni puani anaweza kupumua mara 7 kwa dakika na oksimita ikaendelea kusoma 96, huku kaboni dioksaidi ikipanda mpaka anapoteza fahamu. Oksimita itakuja kulia mwishoni kabisa. Mwenye saa na macho angejua mapema.

Mkuu wenu usimpelekee hotuba. Chukua chati tano za jana zenye 20, nenda na saa kwenye vitanda hivyo vitano, hesabuni wawili wawili, kila mmoja dakika nzima kwa wakati mmoja bila kusemezana, kisha andikeni pembeni kwa kalamu nyekundu. Mkipishana kwa pumzi mbili au tatu mko vizuri. Mkizidi hapo, tafuteni nani alihesabu kilio au kushuka.

Na usiandike nambari peke yake. Safu ni nyembamba, pinda uandike chini yake. Kwa mtoto wenu ingekuwa hivi: "Saa 4:10 usiku. Pumzi 51, dakika nzima, ametulia mapajani, hanyonyi. Ndefu. Kifua hakizami. Hakuna mluzi. SpO2 98 bila oksijeni. Viganja vyeupe. Himoglobini imeombwa. Kuhesabiwa tena saa 4:40."